Kufuli ya Mashine ya Gemu: Uhakiki wa Azimio la Kuwait katika Mizani ya Fiqhi

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), aliyeharamisha dhulma juu ya nafsi Yake na akaiharamisha baina ya waja Wake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Kandokando ya barabara itokayo Chalinze kwenda Segera, katika vituo kama hapa Lugoba, na vilevile Bagamoyo mjini na Dar es Salaam, kibanda cha gemu ni biashara inayojulikana. Kijana huweka runinga mbili tatu na mashine za PlayStation, wateja hulipia mchezo au muda, na wengi wao huchagua gemu ya mpira. Si jambo geni kukuta mashine hizo zimevunjwa kufuli yake ya kiwandani ili zikubali gemu za kunakili. Maswali yanayotokana na biashara hii hufika misikitini. Je, aliyevunja kufuli ya mashine aliyoinunua kwa fedha yake ametenda haramu? Pato lake ni halali? Imamu apokee mchango wake wa ujenzi wa msikiti, au aurudishe?

Majibu mawili husikika. La kwanza husema: hizi ni mali za makampuni ya makafiri, tena si mali ya kushikika, basi hapana dhambi. La pili husema: Baraza la Fiqhi limekwishakata shauri kwa Azimio Na. 43, kwa hiyo kila aliyegusa kufuli ile ni mwizi na pato lake lote ni haramu. Jibu la kwanza ni batili na tutaonesha ubatili wake. Lakini jibu la pili ndilo linalohitaji uhakiki mrefu zaidi, kwa sababu limeegemea hati yenye heshima kisha likaibebesha mzigo ambao hati yenyewe haikuubeba.

Hatuingii hapa katika hukumu ya michezo yenyewe, kupoteza Swala kwa ajili yake, wala kuwekeana fedha kwa mshindi, ambako ni kamari bila shaka. Huo ni mlango mwingine.

AZIMIO LENYEWE LINASEMA NINI

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lenye makao yake Jeddah, lilikutana Kuwait katika kikao chake cha tano mwezi Desemba 1988 (Jumada al-Ula 1409). Azimio lake Na. 43 (5/5) juu ya haki za kimaana lina vipengele vitatu. Cha kwanza kinasema kuwa jina la biashara, anwani yake, alama yake, utunzi na uvumbuzi ni haki za wenyewe, kwamba katika ada ya zama hizi zimekuwa na thamani ya kifedha, na kwamba sharia inazitambua na haijuzu kuzivamia. Cha pili kinajuzisha kuuza jina na alama ya biashara pakikosekana gharari na udanganyifu. Cha tatu kinarejea kuwa haki za utunzi na uvumbuzi zimehifadhiwa kisharia na mwenyewe ana haki ya kuzitumia atakavyo.

Hayo ndiyo yote. Azimio halikusema neno juu ya kufuli, wala juu ya masharti ambayo muuzaji humwekea mnunuzi baada ya kitu kutoka mikononi mwake, wala halikueleza "kuvamia" ni kitendo gani hasa. Hatuwalaumu wanachuoni wale. PlayStation ya kwanza iliuzwa Japani Desemba 1994, miaka sita baada ya kikao. Ni kweli kwamba Nintendo ilikwisha kuweka chipu ya kufuli katika mashine iliyoiuza Marekani tangu 1985, lakini jambo hilo halikuwa mbele ya Baraza. Kosa ni la yule anayechukua kauli ya jumla akaishusha juu ya tukio mahususi bila kulichambua tukio lenyewe. Mwanafunzi wa usuli anajua kwamba kabla ya kutoa hukumu lazima utangulie ufahamu wa kitu kinachohukumiwa.

MSINGI WA AZIMIO NI SAHIHI

Tuanze na wanaosema haki hizi si mali. Hoja yao ina asili katika fiqhi. Wanachuoni wa Kihanafi waliotangulia waliifasiri mali kuwa ni kitu chenye umbo kinachoweza kuhifadhiwa, na manfaa peke yake hawakuyahesabu kuwa mali. Kwa njia hiyo baadhi ya wakubwa wa Bara Hindi, akiwemo Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani (aliyefariki 1976), hawakukubali haki ya mtunzi kuzuia wengine kuchapa. Lakini mwanawe mwenyewe, Mufti Taqi Usmani, alilipitia suala hilo upya na akaona haki hizo zinatambulika.

Ama sisi watu wa mwambao, madhehebu tunayosoma ni ya Imamu Shafi (Allah amrehemu), na humo njia ni nyepesi zaidi. Kila aliyekaa mbele ya mwalimu na Fath al-Qarib ya Ibn Qasim al-Ghazzi, sherehe ya matini ya Abu Shuja, anajua kwamba tafsiri ya kuuza humo inakusanya kumilikisha kitu na kumilikisha manfaa ya halali ya kudumu, na mfano unaotolewa ni haki ya kujenga. Haki hiyo haina uzito wala rangi, lakini inauzwa. Basi haki ya kutoa nakala za programu ina ajabu gani?

Kuna dalili iliyo wazi zaidi, nayo haitajwi sana. Imamu Nawawi katika Minhaj alipofasiri ghasbi hakusema ni kutwaa mali ya mwingine, bali haki ya mwingine, kwa uadui. Wenye kuisherehesha, kama al-Khatib al-Shirbini, wakabainisha kwamba neno "haki" limechaguliwa makusudi ili liingize hata mambo yasiyo mali, kama kumwondosha mtu mahali alipotangulia kukaa msikitini au sokoni. Ikiwa nafasi ya kukaa sokoni inaghusubiwa, basi kazi ya miaka ya watunzi wa programu haiwezi kuwa nje ya mlango huo.

Wapo wanaoleta kauli ya al-Qarafi, mwanachuoni wa Kimaliki, kwamba yanayorejea kwenye akili na rai ya mtu hayarithiwi. Dk. Fathi al-Durayni aliwajibu vizuri: kipaji cha kufikiri hakirithiwi, lakini zao lake likishatengana na mtu na kuwa kitabu au chombo, limekuwa kitu kingine chenye kutajwa kwa bei.

Na wapo wanaoleta historia. Wanasema masalafu walinakiliana vitabu na hakuna aliyedai ujira wa nakala. Ni kweli, lakini illa ni nyingine. Mtunzi wa zamani hakuwa na soko la nakala. Aliyepata ujira ni mnakili kwa kazi ya mkono wake. Pamoja na hayo walikuwa wakali juu ya kunasibisha kazi kwa asiyeifanya, hata al-Suyuti akaandika risala nzima ya kutofautisha mtunzi na mwizi. Mashine za kuchapa zilipokuja, hali iligeuka. Zanzibar ilipata matbaa ya Sultani katika zama za Sayyid Barghash, mnamo 1880, na dola ya Uthmaniya ikatunga sheria ya haki ya utunzi mwaka 1910. Tanganyika ilipata sheria yake mwaka 1924 chini ya Waingereza, ikafuatiwa na ya 1966, kisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, ambayo inazihesabu programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Hukumu huzunguka pamoja na illa yake, ikiwepo na ikikosekana.

Ama hoja ya "mali ya makafiri", inatosha kisa cha Mughira bin Shu'ba (R.A.), kilichomo katika hadithi ndefu ya Hudaibiya kwa Bukhari. Kabla ya Uislamu alisuhubiana na watu, akawaua na kuchukua mali zao, kisha akaja kusilimu. Mtume (S.A.W.) akaupokea Uislamu wake, na ile mali akajitenga nayo, kwa kuwa ilipatikana kwa khiyana. Nao walikuwa washirikina. Na Kamati ya Kudumu ya Fatwa ya Saudi Arabia ilipoulizwa juu ya kunakili programu za kompyuta bila idhini ilikataza, awe mwenyewe Muislamu au kafiri asiyekuwa vitani na Waislamu. Mtengenezaji wa gemu aliyeko Tokyo hayuko vitani na kijana wa Lugoba. Amempelekea bidhaa kwa biashara ya amani.

KUFULI NA NAKALA NI MAMBO MAWILI

Tukishaithibitisha haki, ndipo tunarejea kwa wenye jibu la pili. Wao huchanganya vitendo vitatu: kufungua kufuli, kutumia nakala, na kuuza nakala au vifaa vya kufungulia. Kila kimoja kina hukumu yake.

Tutazame kufuli yenyewe inavyofanya kazi. Katika PlayStation za mwanzo, diski halisi ilitiwa kiwandani alama ya siri karibu na kitovu chake, alama ambayo mashine za kawaida za kuchomea CD haziwezi kuiandika. Mashine ya gemu husoma alama hiyo kwanza. Isipoiona, au ikiona ni ya bara jingine, hukataa kucheza. Chipu inayopachikwa na mafundi huidanganya mashine kwa kuipelekea alama ile hata kama diski haina. Angalia vizuri: kufuli hiyo haimzuii mtu kunakili diski. Inazuia kuchezwa. Na inamzuia kwa namna moja mwenye nakala ya wizi na mwenye diski halali aliyoinunua Dubai au Japani.

Jambo hili liliamuliwa na Mahakama Kuu ya Australia tarehe 6 Oktoba 2005, katika kesi ya Sony dhidi ya Eddy Stevens aliyekuwa akiuza na kupachika chipu mjini Sydney. Majaji wote walikubaliana kwamba kufuli ile haikuwa kinga ya hakimiliki kwa maana ya sheria yao ya wakati huo, kwa kuwa inazuia matumizi baada ya nakala kwisha kutolewa, haizuii kunakili. Bunge la Australia likabadili sheria mwaka uliofuata. Marekani ilikuwa imekwisha kupita njia nyingine: sheria yake ya 1998 inakataza kuvunja kufuli yenyewe, na kwa anayefanya kwa ajili ya faida adhabu yake hufika kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 500,000 kwa kosa la kwanza. Jirani zetu wa Kenya nao, katika sheria yao ya hakimiliki ya 2001, wamehesabu kukwepa kinga za kiufundi kuwa ni kuvunja hakimiliki. Mahakama ya Ulaya ilishika njia ya kati tarehe 23 Januari 2014 katika kesi ya Nintendo dhidi ya PC Box: kufuli inalindwa iwapo haizidi kiasi kinachohitajika kuzuia wizi, na yatazamwe matumizi halisi ya kifaa kinachoifungua.

Hatuwafuati majaji hao katika dini yetu. Tunawataja ili ionekane kwamba hata wenye sheria hizo, ambao mali ni zao, wamehitilafiana juu ya kufuli huku wakiafikiana juu ya nakala. Vipi basi mwenzetu aseme kwa yakini kwamba kufungua kufuli peke yake ni wizi kwa mujibu wa sharia?

Katika fiqhi, aliyenunua mashine kwa bei kamili amemiliki kitu na manfaa yake. Je, muuzaji anaweza kumwambia: usiifungue? Mashafii wana ukali katika mlango wa masharti. Sharti linalopingana na makusudio ya mauzo, kama kumuuzia mtu kwa sharti asiuze wala asimpe mwingine, haliwi. Na sharti lisilo na lengo, kama kumwambia mnunuzi asile ila chakula kadhaa, ni upuuzi usiotazamwa. Mahanbali ni wapana zaidi. Wanaruhusu muuzaji kujibakishia manfaa maalumu, kwa hadithi ya Jabir (R.A.) aliyemuuzia Mtume (S.A.W.) ngamia akashurutisha kumpanda mpaka Madina, na Ibn Taymiya aliona asili ya masharti ni kusihi. Kwa njia zote mbili tunapata kanuni moja. Sharti lenye lengo sahihi la kulinda haki ya muuzaji, nalo ni kutonakili, lina nguvu kwa sababu haki ya kunakili haikuuzwa tangu mwanzo. Sharti la kumzuia mnunuzi asitengeneze mashine yake iliyoharibika, au asicheze diski halali aliyoinunua nchi nyingine, halina mahali pa kusimama kwa Mashafii.

Hata Marekani, Oktoba 2021, walitoa ruhusa maalumu ya kuvuka kufuli ya mashine za gemu kwa ajili ya kutengeneza kisomeo cha diski kilichoharibika.

Na wakati mwingine dhulma hutoka upande wa muuzaji. PlayStation 3 iliuzwa kuanzia 2006 ikiwa na uwezo wa kuwekewa mfumo mwingine wa kompyuta, na hilo lilitangazwa kuwa ni sifa yake. Mwezi Aprili 2010 Sony iliuondoa uwezo huo kwa masahihisho ya programu. Aliyekataa masahihisho alinyimwa kucheza kupitia mtandao. Watu walinunua kwa sifa, kisha sifa ikatolewa baada ya bei kulipwa. Katika fiqhi mnunuzi akikosa sifa aliyoshurutisha ana khiyari ya kurudisha. Wanunuzi walifungua kesi, na hatimaye ikafikiwa suluhu ya kuwalipa. Muislamu anayetetea haki ya kampuni bila kuitaja haki ya mnunuzi hajasimamisha mizani.

PALE UDUKUZI UNAPOKUWA DHULMA

Kutokana na tuliyoyasema, aliyefungua mashine yake kwa matumizi ya halali hana dhambi ya wizi. Lakini tusijidanganye: walio wengi hawafungui kufuli ili wacheze diski ya Japani. Wanafungua ili wasilipe. Mambo huhukumiwa kwa makusudio yake, na njia huchukua hukumu ya lengo.

Hapa ndipo hukumu ya fundi na muuza chipu inapokuja. Mashafii wamesema kumuuzia zabibu mtu anayejulikana, au kudhaniwa sana, kuwa atazikamua pombe ni haramu. Na ikiwa ni shaka tu, ni makruhu. Fundi anayejua kwamba mteja anataka kuendesha kibanda kwa gemu za kunakili yuko katika sura ya kwanza.

Mfano mkubwa wa zama hizi ni kundi la Team Xecuter, lililouza vifaa vya kufungulia mashine za Nintendo Switch na nyinginezo. Mmoja wao, Gary Bowser, raia wa Kanada, alikamatwa Jamhuri ya Dominika mwaka 2020, na Februari 2022 mahakama ya Seattle ikamhukumu kifungo cha miezi 40. Aliamriwa kulipa dola milioni 4.5, na katika kesi ya madai akakubali kulipa Nintendo milioni 10 nyingine. Alitoka mapema mwaka 2023, na deni hilo linamfuata katika kila mshahara. Kufanya biashara juu ya kuvunja haki za watu ni dhulma na adhabu ni stahiki yake. Lakini mwanafunzi wa fiqhi atauliza: deni ambalo mtu hawezi kulimaliza maisha yake yote linalingana vipi na aya ya 280 ya Suratul-Baqara, inayoamrisha mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wepesi, na kusamehe ndiyo bora? Tunaposema sharia inatambua haki hizi, hatusemi kwamba inakubali kila adhabu iliyowekwa juu yake.

Vilevile tutofautishe mashine na mtandao. Mashine ni ya mnunuzi, ama seva za kampuni ni za kampuni. Anayeingia humo amekubali masharti ya kuingia katika nyumba ya mwenyewe, na aya ya mwanzo ya Suratul-Maida inaamrisha kutimiza mikataba. Anayeingia na mashine iliyoharibiwa ili awahadae wanaoshindana naye amefanya ghushi. Oktoba 2024 Mahakama ya Ulaya iliamua, katika kesi ya Sony dhidi ya Datel, kwamba programu inayobadilisha tu takwimu za muda katika kumbukumbu ya mashine haivunji hakimiliki ya programu ya gemu. Basi liko lisilokuwa kosa la hakimiliki mbele ya mahakama, na likifanywa kwa hadaa linabaki kuwa dhambi mbele ya Allah (S.W.). Sheria na sharia hukutana mahali na kuachana mahali.

HADDI, TAAZIRI NA DHAMANA

Anayemwita mwenye kibanda "mwizi" kwenye mimbari aelewe uzito wa neno lake. Wizi wenye haddi una nguzo zake: kitu chenye kufika robo ya dinari, kuchukuliwa kwa siri kutoka hirizini, wala pasiwe na shubha. Nakala ya gemu imeacha asili mikononi mwa mwenyewe. Hakuna kilichotolewa hirizini. Na imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi kwa Jabir (R.A.) kwamba haukatwi mkono wa mwenye khiyana, mnyang'anyi wala mpokonyaji. Haddi haipo. Linalobaki ni taaziri ya mtawala na dhamana ya mwenye haki.

Kwa upande wa mtawala, Tanzania Bara na Zanzibar zilipata Sheria ya Makosa ya Mtandao Na. 14 ya 2015. Kifungu chake cha 24 kinakataza kutumia mfumo wa kompyuta kwa nia ya kuvunja haki za ubunifu. Isipokuwa kwa biashara, adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Ikiwa kwa biashara, faini isiyopungua milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka mitano. Au vyote viwili. Sheria ile inaitazama nia, na inatenganisha mwenye kutumia na mwenye kufanya biashara. Katika hayo mawili imekuwa karibu na fiqhi kuliko wenzetu wa jibu la pili. Tunachokihakiki ni ule ukomo wa chini. Taaziri asili yake ni ijtihadi ya kadhi kwa kadiri ya kosa na mkosaji, na kijana aliyenakili gemu moja nyumbani kumwekea milioni 5 kuwa ndiyo kidogo kabisa ya faini ni kumfunga mikono hakimu. Hata hivyo, kutii katazo lenyewe ni wajibu, kwa kuwa ni amri yenye maslaha isiyokuwa maasi.

Kwa upande wa dhamana, aliyeghusubu manfaa hulipa ujira wa mfano. Hapa kipimo ni chepesi, kwa kuwa bei ya gemu inajulikana dukani.

PATO LA KIBANDA NA MCHANGO WA MSIKITI

Hili ndilo lililowatia vijana katika dhiki, na ndilo lililosababisha makala haya. Mwenye kibanda ana runinga yake, umeme anaoulipia, viti, pango na kazi ya kutwa nzima. Mashine ni milki yake. Kilichoghusubiwa ni haki ya programu. Kusema pato lote ni haramu ni kuzidisha. Kusema lote ni halali ni kupunguza. Ni mali iliyochanganyika, na katika shingo yake liko deni la ujira wa mfano.

Ama kupokea mchango wa mwenye mali iliyochanganyika, al-Ghazali aliona ni haramu ikiwa sehemu kubwa ni haramu. Imamu Nawawi alisema kauli mashuhuri ya madhehebu ni makruhu, si haramu. Basi imamu asimfukuze kijana kwa aibu mbele ya watu. Amkalishe, amweleze, na amwoneshe njia ya kutoka.

Na njia ya kutoka ipo. Tauba ya haki za watu ni kuacha, kujuta, kuazimia na kurejesha. Tofauti na mali ya mtu asiyejulikana alipo, mwenye haki hapa anajulikana na duka lake liko wazi: kununua gemu halali ndiyo kumfikishia haki yake. Mtaji mdogo si dharura inayohalalisha; gemu si chakula wala dawa. Lakini mwenye nia ya kweli anaweza kuanza na gemu mbili halali zinazopendwa na wateja, akaongeza kidogokidogo, akafuta za kunakili. Asiyeweza hata hilo atafute biashara nyingine, na riziki iko kwa Allah (S.W.).

Lililobaki linatuhusu sisi wasomi. Kompyuta ngapi za madrasa na ofisi za misikiti zinaendeshwa kwa programu zilizovunjwa kufuli? Vitabu vingapi vilivyofanyiwa tahkiki na watu walio hai, wenye kutegemea mauzo yake, tunavinakili katika flashi na kugawiana? Mwenye kibanda anaweza kutujibu kwa swali hilo moja tukanyamaza. Kitabu cha elimu kina haja kubwa kuliko gemu, na imepokewa kwa Sheikh Ibn Uthaymin upole kwa anayenakili kwa matumizi yake mwenyewe bila biashara. Upole huo, kwa anayeushika, hauwezi kuwa wa mwanafunzi wa elimu peke yake akanyimwa kijana aliyenakili gemu moja achezee nyumbani kwake. Mizani ni moja.

Kwa muhtasari: haki ya mtunzi wa gemu ni haki ya kisharia, awe Muislamu au asiwe. Kufungua kufuli ya mashine yako kwa matengenezo au kwa diski halali si wizi, lakini sheria ya nchi uliyopo izingatiwe. Kunakili kwa biashara, na kuwauzia wenye kujulikana kwa hilo vifaa vya kufungulia, ni haramu na kuna dhamana. Hakuna haddi, kuna taaziri, nayo iwe kwa kadiri. Pato la kibanda ni mchanganyiko, na mwenyewe ahimizwe kulisafisha, asifukuzwe.

Tulichokisema kwa usahihi kinatoka kwa Allah (S.W.), na tunawaomba wanachuoni wenye dalili zilizo nzito zaidi wazilete. Wallahu aalam.